Aliyeshika Picha ya Mwalimu

"Usiniletee hiyo maneno ya stikibai asubuhi hii, Mama Rehma. Nilikuambia juzi, nikakuambia jana. Hiyo kizungu ndiyo ilinimaliza."

Dalmas alisema hivyo bila kuinua kichwa. Mguu ulikuwa kwa pedali ya cherehani, inaenda tu, na hakukuwa na kitambaa ndani. Sindano ilikuwa inashona hewa. Zeituni, yule tunaitaga Mama Rehma, mjane wa Mwalimu Muhidin, alikuwa mbele yake kwa veranda, buibui imeshika vumbi ya Nyalenda mpaka kwa magoti. Stuli ya wateja ilikuwa pale tupu. Hakuambiwa akae, na yeye hakukaa.

"Mimi sijaleta kizungu," akasema. "Nimeleta maneno ya ploti. Leo saa nne, kwa chief. Wazee wamesema kama kuna mtu ako hai na alikuwa pale siku Muhidin anauziwa, aje aseme kwa mdomo yake. Ni wewe peke yako umebaki."

"Kuna wengine."

"Nani? Nitajie mmoja."

Dalmas akataja mmoja.

"Huyo si tulizika mwaka jana, Baba Awuor? Wewe ndiye ulishona shati alizikwa nayo."

Pedali ikasimama.

Hiyo ploti iko kule chini, pale maji ya mvua hukaa wiki mbili. Muhidin aliinunua mwaka wa sabini na mbili kutoka kwa Mzee Ondiek, mwenye shamba. Karatasi hakuna. Siku hizo hapa Nyalenda watu walikuwa wananunua mbele ya macho ya majirani, basi: unaita watu watatu wanne, mnavuta kamba, mnapanda ojuok kwa mpaka, ile miti ya maziwa yenye inachoma macho, mnakunywa chai, imeisha. Dalmas alishika ncha moja ya kamba. Sasa Mzee Ondiek amekufa, aliyeshika ncha ingine amekufa, Muhidin mwenyewe alikufa tisini na mbili, na mjukuu wa Ondiek anasema babu yake alimwazima tu huyo Mwislamu mahali pa kulala. Nyuma ya mjukuu kuna Walter, diwani wetu, anataka kujenga nyumba za kupangisha hapo. Zeituni akishindwa kwa chief, kabla wiki iishe watu wanakuja na nyundo, na yeye na Rehma na watoto wa Rehma wako nje.

Kwa hivyo si jambo kubwa lilikuwa linaombwa. Kusimama mbele ya wazee na kusema, nilishika kamba. Maneno mawili.

Lakini uone ni nani anaombwa.

Dalmas ni mtu wa Seme. Alikuja Kisumu karibu na uhuru, kijana na suruali moja, akafagia duka la fundi Mhindi miaka mitatu, akiokota vipande vya uzi kwa sakafu na kuangalia mikono ya mafundi. Mwaka wa nne mtu mmoja aligonjeka, Mhindi akasema, wewe kaa hapo ujaribu. Alikaa. Mpaka Mhindi alipofunga duka akaenda zake Uingereza, na akamwachia cherehani moja nzee ya pedali badala ya kumwambia asante. Na hiyo cherehani Dalmas akafungua veranda hapa mbele ya duka ya hardware, karibu na soko, akaoa Selpha muuza omena, wale dagaa wa ziwa, wakapata msichana, Awuor.

Mikono yake ilikuwa mizuri, hiyo hata adui yake atakuambia. Shida ilikuwa kizungu. Kuna mama mmoja mkubwa wa mauguzi alimletea kazi, nguo nyeupe arobaini za wasichana wa kusomea unesi, na karatasi imeandikwa kila kitu. Dalmas akaangalia karatasi, akatingisha kichwa kama mtu amesoma, akasema yes madam. Akashona zote arobaini na mikono mirefu mpaka kwa kiganja. Karatasi ilikuwa imesema mikono mifupi. Selpha alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini.

"Arobaini, Dalmas! Hata moja hukubahatisha!"

Alikata mikono themanini. Halafu akaenda kujiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima, kule Kaloleni kwa hall, saa kumi na moja jioni baada ya kazi.

Huko ndiko alikutana na Mwalimu Muhidin kama mwalimu. Kama jirani walikuwa wanajuana tangu siku ya kamba, lakini darasani alikuwa mtu mwingine. Muhidin alizaliwa hapo Kaloleni, baba yake wa Tabora, mama yake Mnubi, na alikuwa amefanya ukarani wa reli miaka mingi, kizungu chake kimenyooka kama reli yenyewe. Alikuwa anavaa koti na kofia ya Kiislamu, na chaki anaishika kama sigara. Darasa ilikuwa na watu thelathini na moja. Wamama wa soko, mafundi wa jua kali, Wanyonyi askari wa usiku ambaye alikuwa analala kwa desk kabla aende kazi, na Milka, muuza mitumba, ambaye alikuwa anashika haraka kuliko wote.

Jioni moja, themanini na sita hivi, Muhidin akaandika ubaoni: stick by.

"Hii ni nini?"

Milka akasema, "Kushikana na kitu, kama gundi."

"Karibu. Dalmas, wewe. Rafiki yako amepika pilau. Umekaa kwake, unakula, huendi mahali. Hiyo ni stick by?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hapana. Hiyo ni njaa."

Watu wakacheka mpaka Wanyonyi akaamka.

"Sikizeni. Stick by ni kubaki na mtu siku kubaki kuna hasara. Kama hakuna hasara, tafuta neno lingine, kizungu kina maneno mingi. Na ni mtu, sio kitu. Ahadi, mpango, hiyo ni stick to. Mtu ni stick by. Bibi anabaki na bwana amefungwa jela. Rafiki anabaki na rafiki watu wanamwita mwizi."

Milka akainua mkono. "Na kama kweli ni mwizi?"

"Unaweza kumwambia yeye ni mwizi. Unamwambia kwa uso. Lakini huhami."

Kila mtu akaambiwa aandike sentensi yake nyumbani. Dalmas aliandika kwa karatasi ya kukatia nguo, kwa kizungu, kwamba yeye atabaki na bibi yake Selpha hata kama ni mkali. Akamsomea Selpha kwa sauti. Selpha akauliza, hiyo inasema nini? Dalmas akasema, inasema omena imekolea chumvi vizuri.

Hilo neno lilimwingia kuliko yote. Maneno mengine yalikuwa ya kazi, sleeve, collar, hem. Hili lilikuwa la mtu. Alianza kulitumia kila mahali. Mteja akienda kwa fundi mwingine halafu arudi, Dalmas anamwambia, wewe hukunistikibai. Timu yake ikifungwa, anawaambia vijana, sasa ndio wakati wa stikibai, wale wanatoroka waende. Watu wakaanza kumwita hivyo. "Bwana Stikibai, suruali yangu iko tayari?" Alikuwa anapenda. Anajibu kwa kizungu, tomorrow.

Halafu ikaja themanini na nane na mlolongo.

Kama wewe ni mdogo pengine hukuona. Siku hizo hakukuwa na karatasi ya kura kwa uchaguzi wa chama, na chama kilikuwa kimoja. Watu wanaitwa uwanjani mchana kweupe. Kila mgombea anatoa mtu mmoja wa kushika picha yake, huyo anasimama mbele, na wale wanamtaka huyo mgombea wanapanga laini nyuma ya picha. Karani anahesabu vichwa. Unachagua na mgongo yako, na kila mtu anauona huo mgongo.

Walter alikuwa diwani tayari, na watu walikuwa wamemchoka. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja upande wote huu, na funguo ilikuwa kwa mtu wa Walter, anafungua akitaka. Darasa ndiyo ilimsukuma Muhidin. Walimwambia, Mwalimu, wewe unajua kuandika barua, unajua kuongea na watu wa manispaa, simama. Muhidin alikataa mara mbili. Mara ya tatu Milka akaandika ubaoni, kabla aingie, We will stick by you, na wote thelathini na moja wakaweka sahihi chini yake na chaki, hata wale wa kuandika jina kwa shida. Muhidin alisimama akiangalia ubao muda mrefu. Hakufuta. Alifundisha siku hiyo akiandika pembeni.

Kushika picha akapewa Dalmas. Nani mwingine? Alijishonea koti mpya ya khaki, akatengeneza fremu kwa mbao za sanduku ya chai, picha ya Muhidin imekuzwa kwa studio mpaka ukubwa wa sinia. Selpha alimwambia asubuhi, "Hiyo koti itakufanya waone wewe ndiye mgombea." Lakini alikuwa amejipaka mafuta na amevaa nguo ya kanisa, na alienda.

Uwanja wa shule ulijaa saa mbili. Meza ya karani ilikuwa mbele, Muhidin na Walter wamekaa kwa viti kando ya meza, wanaangalia watu. Karani akawaita washika picha wawili, akawaambia: simameni hapa, macho kwangu. Hakuna kugeuka, hakuna kuongea, hakuna kuita mtu. Ukigeuka unahesabiwa unavutia kura, laini yako inafutwa.

Dalmas alichukua hiyo amri kama alivyochukua kila kitu. Alisimama na picha kifuani, macho kwa karani, hata inzi ilipokaa kwa mdomo hakuitoa.

Nyuma alisikia watu wanakuja. Miguu mingi. Alisikia wamama wanacheka, mtoto analia, mtu anakohoa. Alisikia harufu ya omena, akasema moyoni, hawa ni watu wa Selpha. Alisikia sauti ya Milka karibu kabisa, anasema, sogeeni, sogeeni, laini inafika kwa geti. Dalmas alitaka kulia kwa furaha. Akaangalia Muhidin. Muhidin alikuwa anamwangalia yeye, uso wake umetulia, ile tabasamu yake ya darasani, na Dalmas akasema moyoni tena, Mwalimu anaona vile tumejaa.

Hakuona mtu wa chief. Huyo alikuwa anatembea kando ya laini ya Muhidin na daftari, pole pole, anauliza kila mtu jina, na mahali anafanyia biashara. Hakumtisha mtu. Aliuliza tu na akaandika. Akiuliza jina, mtu anaangalia chini, anasema, ngoja kidogo, anaenda kando. Kando ni laini ya Walter, hatua kumi. Laini ya Walter ndiyo ilikuwa inafika kwa geti. Miguu Dalmas alisikia ilikuwa inapita nyuma yake inaenda kule.

Jua lilipanda. Picha ilikuwa nzito. Alisimama hivyo karibu masaa mawili.

Karani akasimama kuhesabu. Alianza na Walter, alichukua muda, alirudi mara mbili. Halafu akaja kwa Dalmas, akapita nyuma yake, akasema, "Moja, mbili, tatu."

Dalmas akangoja nne.

"Unaweza kugeuka sasa, mzee," karani akasema, na alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa Selpha. Nyuma ya Selpha kulikuwa Zeituni. Nyuma ya Zeituni kulikuwa Wanyonyi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na Wanyonyi akaangalia huku na huku akasema, "Kwani hii si ndiyo laini ya Walter?" Akavuka akaenda. Uwanja mzima ukacheka. Dalmas alitafuta watu wa darasa. Walikuwa wote kule, wanaangalia migongo ya wenzao. Milka alikuwa wa tatu kutoka mbele. Alikuwa amejifunika kichwa na leso kama kuna mvua.

Wanawake wawili. Na mmoja ni bibi ya mgombea.

Kitu kimoja Dalmas hakuwahi kuelewa, na alikuwa anakirudia kila akikunywa chai. Muhidin alikuwa amekaa mbele. Alikuwa anaona. Tangu mtu wa kwanza ahame mpaka wa mwisho, Mwalimu aliona yote, na alimwacha asimame pale masaa mawili akishika picha kwa mikono yote miwili, na yeye Mwalimu anatabasamu tu. Hangeinua hata kidole? Hangesema tu, Dalmas, weka chini?

Pengine alikuwa anaona haya. Pengine alikuwa anangoja kama yeye. Hakuwahi kusema, na Dalmas hakuwahi kumwuliza.

Baada ya wiki moja kanjo, askari wa manispaa, walikuja wakabeba cherehani kwa veranda, wakasema hana ruhusa. Alikaa hapo miaka kumi na minne bila kuulizwa ruhusa. Alifuata cherehani kwa ofisi ya manispaa siku tisa, na ilipotoka mkanda ulikuwa umekatwa. Selpha akaondolewa mahali pake kwa soko, meza yake ikapewa dada ya mtu wa funguo za mfereji. Akaanza kushuka Dunga kwa ziwa kila alfajiri kununua omena kwa mashua na kuzungusha mlango kwa mlango na beseni kichwani. Wale wa darasa hawakumletea Dalmas hata kifungo cha kushona. Si chuki. Walikuwa wanaogopa kuonekana kwa mlango wake. Walikuwa wanamsalimia na macho.

Lakini jina walibaki nalo. Sasa likawa la kumchomea. Watoto wa shule wakipita: "Stikibai! Nyuma yako kuna nani?" Wanakimbia.

Na Muhidin? Muhidin alikaa nyumbani mwezi mmoja. Halafu kukawa na baraza, Walter akasema tusameheane, sisi ni watu wamoja, na Muhidin akasimama mbele ya watu, akashika mkono wa Walter kwa mikono miwili, akasema alipotoshwa na watu wachache. Alipata kazi ya karani wa soko. Ndiye alikuwa anaandika nani ana meza na nani hana. Selpha alienda kwake.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nyuma ya picha yako."

"Najua, shemeji."

"Meza yangu?"

"Shemeji, mikono yangu imefungwa."

Hiyo tu. Alimpa soda.

Selpha alivumilia mpaka tisini. Siku alifunga vitu vyake hakupiga kelele. Alisema, "Dalmas, ulibaki na Mwalimu. Ulibaki na darasa yenu. Mimi ulibaki na mimi lini?" Akarudi Seme kwa kina mama yake na Awuor. Aliacha beseni ya omena pale mlangoni, imejaa, hata hakuiuza.

Ile sentensi aliyoandika siku ile, Dalmas alimwambia hatimaye ilikuwa inasema nini. Alimwambia siku hiyo anaondoka, kwa stendi ya mabasi. Selpha alisikiza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ungesema na Kiswahili," akapanda.

Tisini na mbili vyama vikawa vingi. Watu waliimba barabarani, tukafikiri Walter ameisha. Walter alibadilisha chama kama mtu anabadilisha shati, akarudi na watu walewale wamemfuata. Mwaka huo Muhidin alikufa na sukari. Dalmas hakwenda mazishi. Alikaa kwa nyumba, mlango umefungwa.

Na mwaka uliofuata, yeye mwenyewe alienda kwa Walter. Hakuna mtu alimlazimisha. Alikuwa anashona kwa chumba giza nyuma ya choo, na Awuor alikuwa ameitwa sekondari. Alimngoja Walter nje ya baa yake kutoka asubuhi, na Walter alipotoka alimwangalia, akacheka vizuri tu, hata hakuwa na ubaya.

"Stikibai! Umechoka kushika picha?"

"Nimechoka, mheshimiwa."

"Hiyo ungeniambia zamani."

Akapata barua. Veranda ikarudi. Barua iko kwa ukuta, ndani ya nailoni, sahihi ya Walter chini. Kanjo wakija anawaonyesha kwa kidole, haongei.

Sasa hapo ndipo alikuwa amekaa asubuhi hiyo, chini ya hiyo barua, Zeituni amesimama mbele yake.

"Mimi sina neno na wewe, Mama Rehma. Neno langu ni na bwana yako, na amekufa, hawezi kunijibu."

"Basi usiniadhibu mimi na neno yake."

"Sikuadhibu. Mimi nafanya kazi."

"Dalmas." Alimwita jina sasa, si la mtoto. "Muhidin alikosa. Nilimwambia kwa uso, akiwa amelala kitandani mguu umekatwa, nikamwambia ulimwacha Dalmas kwa jua. Akageukia ukuta. Lakini siku ile kwa uwanja, ule mtu wa daftari alikuja kwangu pia. Aliniuliza jina. Nilimwambia jina. Akaniuliza biashara, nikamwambia nauza mandazi, andika. Nilisimama. Koti yako ya khaki ilikuwa mbele yangu masaa mawili, najua mpaka pale ulishona vibaya kwa bega."

"Sikushona vibaya."

"Bega ya kushoto. Ilikuwa imevuta."

Dalmas karibu acheke. Ilifika kwa mdomo ikarudi.

"Ulikuwa nyuma ya bwana yako," akasema.

"Yeye alikuwa amekaa kwa kiti. Mimi nilikuwa nyuma yako. Ningekuwa naogopa si ningehama na wengine, nimwambie Muhidin usiku nimeshindwa na jua? Sikuhama."

Mtu wa hardware alitoa kichwa nje kuona, akarudisha. Barabarani mkokoteni wa maji ulipita, mitungi inagongana.

"Nikienda pale kwa chief," Dalmas akasema pole pole, "nikisema nilishika kamba, wale wazee wataniangalia. Wote wanajua mimi ni nani. Watasema, ni yule wa picha, ameanza tena. Mjukuu wa Ondiek atacheka. Na kabla nifike hapa kanjo wako kwa veranda. Awuor ako form two, karo nani atalipa? Wewe uniambie, nikisimama pale, nani ako nyuma yangu?"

"Mimi."

"Wewe ni mmoja, Mama Rehma."

"Siku ile tulikuwa wawili. Ulitaka mia?"

"Nilitaka mia, ndiyo!" Alipiga meza ya cherehani, makasi ikaruka. "Nilitaka wale thelathini na moja! Waliandika na mikono yao kwa ubao! Mimi nilikuwa mjinga wa kusikiza miguu ya watu. Sasa sisikizi tena. Hata yako."

Zeituni hakulia. Alirekebisha buibui kwa kichwa, akaangalia jua liko wapi.

"Hata kama hutasema kitu," akasema, "kuja tu ukae kwa benchi. Wakuone umekaa upande wangu. Mimi nitasema mwenyewe."

"Na wao watauliza, huyu amekuja kufanya nini?"

"Waulize. Usijibu."

Dalmas aliokota makasi. Alifungua na kufunga, kufungua na kufunga. Kama ungekuwa hapo ungesema anaenda. Alisimama kabisa, akatoa tepu shingoni, akachukua koti kwa msumari. Zeituni alishuka ngazi moja, anamngoja.

Dalmas akavaa koti. Halafu akaingia nyuma ya meza, akatoa furushi ya kitambaa ya maua imekunjwa, akaifunga kwa keria ya baiskeli na mpira.

"Kuna mama anaitwa Perez, wa Migosi," akasema, na alikuwa anaongea na baiskeli. "Amehamia nyumba mpya, wakwe wanakuja mchana. Anataka mapazia kwa dirisha kabla wafike. Nilimwambia kabla ya saa nne."

"Dalmas."

"Nilimwambia, Mama Rehma. Ni kazi. Nimeshachelewa."

"Chief ako upande huu. Ni njia ya dakika kumi."

"Migosi ni upande ule."

Alitoa baiskeli kwa veranda, akashuka nayo barabarani, akangoja mama mmoja na kuku apite. Zeituni hakumfuata. Dalmas akapanda, akakanyaga pedali mara mbili kuvuka mtaro, furushi ya mapazia inaruka nyuma yake, na akakata kona ya kwenda juu, upande wa Migosi, bila kuangalia nyuma.